Marehemu Mezani

Mwanamke aliyenifungua mkanda mbele ya wakwe alikuwa wa makamo ya mama yangu, mfupi, mpole wa sura, na mwenye nguvu mikononi ambazo sijui alizitoa wapi. Alikuja na sinia la samaki, akanitazama kifuani, akalitua sinia, akapiga magoti, akaanza kazi. Ukumbi wa chakula ukanyamaza. Shemeji akatazama dari. Mama mkwe wa mdogo wangu akagundua ghafla kwamba supu yake inahitaji kukorogwa. Mdogo wangu mwenyewe, mtu pekee mle ndani aliyeweza kunitetea kwa lugha mbili, alikuwa amejificha nyuma ya kikombe.

"Huyu mama anafanya nini?" nikamnong'oneza.

"Tulia, kaka. Umevaa kama maiti."

Nikatulia. Ukishaambiwa hivyo, utafanya nini tena? Yule mama akaufungua mkanda, akaliachanisha joho (Mungu ashukuriwe kwa bukta niliyoivaa kwa ubishi), akavuta upande wa kushoto juu ya wa kulia, akanikaza, akanigonga kiunoni kuonyesha kazi imekwisha, kisha akaniinamia kwa heshima zote. Watu wakarudi kula. Masikio yangu yanawaka mpaka leo.

Jambo lenyewe liko hivi. Hoteli za chemchemi za maji moto huko Japani humpa kila mgeni yukata, joho jepesi la pamba lisilo na kifungo hata kimoja. Unalivaa ukifika, unakwenda nalo bafuni, unakula nalo, unatembea nalo kando ya ziwa, na ukitaka unalala nalo. Halina shida ila moja: kushoto lazima kulale juu ya kulia. Ukigeuza, hayo ni mavazi ya mtu anayesubiri kuchomwa. Na wenzetu hawakuanza jana kukunja nguo kwa utaratibu; mwaka 719 serikali yao ilitoa amri ya mavazi iliyowataka watu wote wafuate upande mmoja. Miaka 1,300 nchi nzima inajua, na hakuna aliyeona haja ya kubandika karatasi chumbani kwangu.

Mimi nimekulia kwenye msuli. Msuli hauna upande wa marehemu. Unakunja kulia, unakunja kushoto, ukikaza usidondoke, umevaa. Sanda pia naijua: ya mwanamume ni mapande matatu ya kitambaa cheupe, haina mikono wala mkanda. Lile joho lilikuwa na mawimbi ya buluu na jina la hoteli mgongoni. Maiti gani anazikwa na tangazo la biashara?

Kama lingeishia kwenye nguo, ningelisahau. Lakini dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimechomeka vijiti vyangu wima katikati ya bakuli la wali, ili mikono ipate nafasi ya kushika bakuli la supu. Mama mkwe alivichomoa taratibu, akavilaza. Wali wa namna hiyo, nikaja kuambiwa, ndio huwekewa mfu. Halafu nikataka kuonyesha adabu. Nikanyanyua kipande kinono cha samaki kwa vijiti, nikampelekea Mzee, baba mkwe wa mdogo wangu, nikimwashiria akipokee kwa vijiti vyake. Mzee akairudisha mikono yake mapajani. Japani mtu akishachomwa, ndugu zake huokota mifupa kwenye majivu kwa vijiti, na ni wakati huo tu ambapo kitu hupokezanwa kijiti kwa kijiti. Kwa hiyo katika mlo mmoja nilikuwa nimejivika, nimejitilia chakula cha makaburini, na nilikuwa mbioni kugawa mifupa yangu kwa wakwe.

Wa kulaumiwa ni bafu. Kama kusingekuwa na bafu, mdogo wangu angenivisha.

Tulikuwa Suwa, mkoa wa Nagano, mji ulio kando ya ziwa lenye jina hilohilo, mita 759 juu ya usawa wa bahari, milima pande zote. Printa za Epson zinazotutolea kopi za vitambulisho kwenye steshenari zetu, kampuni yake ina makao makuu hapo. Shemeji alibaki chumbani na mtoto wao aliyekuwa na mafua. Wanawake wakaingia kwenye pazia jekundu. Mimi nikabaki mbele ya pazia la buluu na Mzee, ambaye hajui Kiswahili wala Kiingereza, na ambaye alikuwa ameshaanza kuvua.

Naomba msomaji akae na jambo hili kidogo. Huyu ni mkwe. Kwetu mkwe humkodolei macho. Ukikutana naye njiani unapunguza sauti, na mezani unakula nusu ya njaa yako. Baba yetu ametangulia mbele ya haki, hivyo mimi ndiye niliyepokea barua ya posa, mimi ndiye niliyekaa mkekani kutaja mahari kwa uso wa mbuzi. Sasa mtu niliyemtajia mahari amesimama mbele yangu kama alivyozaliwa, ananionyesha kikapu cha kuwekea nguo, na anatabasamu.

Hakuna bukta inayoingia kwenye maji yale. Hakuna msuli. Unapewa kitaulo ambacho upana wake unatosha kuficha jambo moja kwa wakati mmoja, na hata hicho ni marufuku kugusa maji: ukishaingia unakikunja na kukiweka kichwani. Yaani baada ya mahangaiko yote, kinachobaki kimesitirika ni upara.

Kwanza lakini unaoga. Maji ya chemchemi ni ya kujiloweka, siyo ya kujisafishia, kwa hiyo pembeni kuna safu ya mabomba, na kila bomba lina kigoda cha plastiki, ndoo ndogo na sabuni. Unakaa, unajisugua, unajisuuza mpaka usibakize povu. Hapo nikawa mwenyeji. Mtu aliyekulia Msasani, Dar es Salaam, kwa maji ya boza hafundishwi na yeyote kuoga kwa ndoo. Nilimaliza kichwa hadi kisigino kwa maji ambayo Mzee alitumia kwa bega moja, na nikamwona anaitazama ndoo yangu.

Kisha tukaingia. Nyuzi joto 41 zinaonekana chache ukizisoma. Ukiziingia kwa mguu unaanza kutubu madhambi usiyoyakumbuka. Mzee akazama mpaka shingoni, akatoa pumzi ndefu, akafumba macho. Nami nikazama upesi, kwa sababu majini ndiko kulikokuwa na sitara pekee iliyobaki.

Ukiwa na mkwe uchi majini na hamna lugha, unaanza kuwaza jiolojia. Huu moto unatoka wapi? Nikaja kusoma kwamba nyufa mbili kubwa za ardhi ya Japani zinapishana hapo Suwa; ardhi ya katikati ikadidimia, ziwa likakaa juu yake. Maji ya mvua yanazama chini, yanakutana na miamba ya moto, yanarudi juu yamechemka. Mwaka 1983 watu walikuwa wanachimba kisima kando ya ziwa, maji yakafyatuka hadi mita 50 hewani. Siku hizi nguvu zimepungua. Mjini hapohapo kuna bafu la umma lililojengwa mwaka 1928 na ukoo wa Katakura, matajiri wa viwanda vya hariri. Kina chake ni mita 1.1 na chini wamemwaga kokoto, hivyo watu huoga wamesimama huku nyayo zikikandwa. Na ziwa lenyewe, baridi ikikaza sana, huganda, kisha barafu inapasuka kwa kishindo na kuinuka ukingo mrefu kutoka pwani hadi pwani. Wenyeji wanasema ni mungu wa hapo anavuka kwenda kumtembelea mkewe aliye upande wa pili. Makuhani wameandika kila mwaka kama alivuka au hakuvuka, tangu 1443. Mara ya mwisho alivuka 2018. Tangu hapo barafu haijamtosha. Hata mungu kwenda ukweni kunamshinda.

Hayo niliyajua baadaye. Pale majini nilikuwa na kimya tu, na kimya na mkwe kina uzito wake. Nikaamua kusema kitu kwa Kijapani. Kijapani changu chote ni kile kinachosemwa na gari kila asubuhi nikiliwasha, sauti ileile ya dada mpole ambayo kila mwenye gari la mtumba Dar es Salaam anaijua kuliko sauti ya mke wake. Nikakohoa, nikasema kwa heshima: "ETC kado ga sonyu sarete imasen."

Mzee akafumbua macho. Akanitazama. Akacheka mpaka kitaulo kikamdondoka kichwani kikaingia majini, na wazee wengine watatu waliokuwemo wakadakia kucheka. Mdogo wangu ndiye aliyenieleza kwamba nilikuwa nimemtangazia mkwe, tukiwa uchi, kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijachomekwa.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kulinyamazia. Japani ina sheria ya chemchemi za maji moto ya mwaka 1948. Inasema maji yanayotoka ardhini yakiwa na nyuzi 25 au zaidi, hiyo ni chemchemi ya maji moto. Yakiwa baridi, yanaweza bado kupita kama yana kiwango cha kutosha cha moja ya madini yaliyoorodheshwa. Nyuzi 25! Kisima chochote cha Dar es Salaam kinatoa maji yanayopita hapo bila kuwashiwa moto, maana maji ya ardhini hukaribia joto la mwaka la mahali penyewe, na letu tunalijua. Na madini? Kisima cha mwenye nyumba wangu kina chumvi inayokataa povu la sabuni. Kwa sheria ya 1948 nimeishi hotelini miaka yote hii. Sijamwambia mwenye nyumba, kwa sababu wenzetu pia wana kodi ya kuoga, kwa kawaida yen 150 kwa kichwa, na huyo mwenye nyumba hakosi pa kuanzia.

Tulipotoka majini Mzee alivaa joho lake kwa sekunde tatu na kwenda kunywa maziwa baridi ya chupa. Nami nikavaa langu peke yangu. Yaliyofuata mmeshayasikia.

Mengine yalikuwa madogo. Ndala za chooni, ambazo hazitakiwi kutoka chooni, nilizifikisha mapokezi. Na kulipokucha mapazia, la buluu na jekundu, yalikuwa yamebadilishana milango, desturi ya hoteli nyingi ili kila mgeni aonje mabafu yote mawili; sitasema zaidi.

Nikatoka nje kupunga upepo. Na hapo ndipo kicheko kiliponitoka mdomoni.

Hoteli zile zimesimama ng'ambo ya barabara. Kati yao na maji kuna bustani ya umma, na njia inayozunguka ziwa zima, kilomita 16 hivi. Kando ya njia kuna mtaro wa maji moto wa kuloweka miguu, bure. Alikuwepo kijana wa sare ya lori la taka na mwanamama wa mkoba wa ngozi, wamekaa pamoja, suruali zimekunjwa. Hakuna aliyeniuliza nakwenda kwa nani.

Mimi natoka kwenye rasi iliyozungukwa na bahari, na kuna wiki nzima naisikia tu nyuma ya ukuta. Ukuta wa hoteli, ukuta wa nyumba ya mtu mkubwa, ukuta wa kiwanja ambacho hakijengwi wala hakifunguliwi. Mvuvi wa Msasani anavuta ngalawa yake kwenye upenyo ambao kila mwaka unasogezewa tofali. Asiye na fedha ya kinywaji tumemwachia Coco Beach, na Jumapili tunamshangaa kwa nini amejaa pale. Sheria tunayo, ya Usimamizi wa Mazingira, ya mwaka 2004: mita 60 kutoka maji yanapofika, pasifanywe shughuli za kudumu. Mita 60! Mchukue fundi na futi kamba yake mtembee naye ufukweni. Mahali pengi hatafika mita sita kabla hajagonga kichwa kwenye zege, na mbwa atakuwa ameshamsikia. Watu walioandikiwa sheria hiyo wanaijua vizuri kuliko mimi. Wameisoma na wanasheria wao, wakinywa juisi ndani ya hizo mita.

Mzee anakuja Dar es Salaam. Mdogo wangu amenipigia simu kunieleza kwamba hataki mbuga wala mlima. Anataka kuogelea baharini na mimi, pale ninapokaa, alfajiri, watu wawili tu. Amefurahi sana, anasema safari hii mwenyeji ni mimi. Nilichohakikishiwa ni kwamba atavaa bukta.

Basi nimeanza kutafuta njia. Juzi nilimfuata mlinzi wa geti moja la karibu na kwangu, kijana tunayesalimiana kila siku, anayeninunulia vocha na mimi namnunulia chai. Nikamweleza habari ya mkwe, umri wake, alikotoka, jinsi alivyonipokea. Akasikiliza vizuri sana.

"Hakuna shida, bro," akasema. "Mgeni apite. Wewe utamsubiri hapa nje."