Muulize Mjomba Chujio

*Mjomba, naishi peke yangu kwenye bedsita huku Annex, Eldoret. Natafuta mashine ya kahawa ya kikombe kimoja, lakini bei yake inakaribia kodi ya mwezi, na stima hapa hupotea bila kuaga. – Mpweke*

Mwanangu, mashine ya nini? Nunua koni ya plastiki, ile inayokaa juu ya kikombe. Mwaka 1908 mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, alichoka kutafuna mashapo ya kahawa. Akatoboa kitako cha chombo cha shaba, akatandika karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe, akamimina. Hakungoja stima.

Koni za kauri hupendeza pichani, ila hunyonya joto la maji, na sakafu ya bedsita haina huruma. Chagua yenye tundu dogo. Tundu likiwa kubwa, kasi ya maji inategemea mikono yako, na asubuhi mikono hiyo bado imelala. Kabla hujalipa, uliza kama dukani hapo kuna karatasi za umbo lilo hilo. Koni isiyo na karatasi utaishia kuitumia kumiminia mafuta ya taa.

Weka kahawa vijiko vikubwa vitatu, kama gramu 15, kwa robo lita ya maji. Ilowanishe kwanza, ngoja nusu dakika, kisha mimina polepole. Dakika tatu hivi, unakunywa.

*Mjomba, maelezo yanasema maji yakichemka niyaache yapoe kidogo. Halafu nilisagia kahawa kwenye mashine ya posho, ikanuka mahindi. – Mwanafunzi, Kesses*

Maelezo hayo yaliandikiwa watu wa Mombasa, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, joto lilelile wapika kahawa wanalolitafuta. Ukiyapoza, utakunywa kitu chachu kisicho na nguvu. Hewa nyepesi inayowatesa wanariadha wetu imekupunguzia kazi: yakitokota, mimina.

Kuhusu posho, umeponea chupuchupu. Unga laini hivyo huziba karatasi, maji yakasimama juu yakikutazama. Tafuta kinu kidogo cha mkono, usage chembe za ukubwa wa sukari.

*Mjomba, mama mkwe amekuja kutoka Iten. Nilijitengenezea kikombe changu kimoja, akanitazama mpaka kikapoa. Sasa yuko kwa jirani, anakunywa chai. – Mke, Kapsoya*

Binti yangu, nyumba gani hii hupikwa kikombe kimoja mgeni ameketi? Injika sufuria, maziwa nusu kwa nusu, ujaze chupa ya chai mpaka mdomoni. Habari za nyuzi 93 usimweleze. Maji ya kwao Iten huchemka mapema kuliko yako. Mfuate sasa hivi, kabla jirani hajauliza kilichotokea. Koni utaitoa kabatini matatu ya Iten ikishaondoka stendi.