Kipya Kwenye Pikipiki ni Stika

Kila mwaka zinashushwa pikipiki mpya pale Kasulu, na kila mwaka muuzaji ananiapia kwamba safari hii ni toleo jipya kabisa. Naizunguka, nainama, nachungulia. Cheni ileile. Breki shuu nyuma, spoki, kiki, klachi ya waya. Kipya ni stika kwenye tenki na tundu la kuchajia simu. Sasa mwananchi wa Mabamba aliyepakia magunia mawili ya maharage na mkewe juu yake, anachaji simu ampigie nani? Fundi, bila shaka.

Na kinachoniuma ni kwamba mabadiliko ya maana yalishafanyika zamani, tukayafungua kwa spana.

Mwaka 1976 Honda walitoa CG125. Kabla yake walikuwa na CB125, injini nzuri lakini inayotaka adabu: oili ibadilishwe kwa wakati, cheni ya ndani iangaliwe. Wahandisi wakaenda nchi kama Thailand na Pakistan kuona wateja wanaishi nayo vipi. Wakakuta wateja ni sisi. Sisemi walifika Kibondo, ila tabia ni ileile: mzigo unazidi, oili inakaa hadi inageuka uji mweusi. Basi hawakujisumbua kutufundisha adabu, wakaunda injini inayovumilia utovu wa adabu. Cheni ya ndani wakaiondoa, wakaweka vijiti vya kusukumia valvu. Cheni ya nje nayo wakaivalisha kava zima, juu na chini, vumbi lisiione.

Wachina wakaiga injini hiyo, na waliiga kitu cha maana. Ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina zilizotujaza huku, ukizipasua tumbo unakuta ukoo mmoja, na spea zake zinaingiliana kama ndugu wanaoazimana viatu.

Kava je? Nenda kijiwe chochote cha bodaboda mwezi wa nane, wakati vumbi jekundu limetanda hadi kwenye kope. Cheni ziko uchi. Kijana anaimwagia oili chafu aliyoitoa kwenye injini, vumbi linanata, na kuanzia hapo ni kusagana chuma kwa chuma. Meno ya sproketi yamechongoka na kulala upande mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, kava la cheni liko wapi?"

"Lile lilikuwa linapiga kelele, mzee."

"Na hii cheni inayogonga chesisi?"

"Hii nimeshaizoea."

Wazee wenzangu wataikumbuka Yamaha AG100, chombo cha mabwana shamba na watu wa mashirika. Ilibuniwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji, na aliyeibuni alikuwa amewahi kuona shamba. Kweli ilitoa moshi wa buluu na kulia kama ina kifafa. Lakini cheni ilikuwa ndani ya kava, keria ilikuwepo mbele na nyuma, na stendi ya pembeni ilikuwa kulia na kushoto. Stendi mbili! Jaribu kuegesha pikipiki ya leo kwenye mteremko wa Heru Juu, halafu uniambie kipi kina faida, stendi ya pili au tundu la simu.

Baadaye zikaja Boxer na TVS kutoka India, na cheni ya taiming ikarudi ndani ya injini. Zinakula mafuta kidogo, zinapanda mlima, sina ugomvi nazo. Ila oili zinataka, na sisi ni walewale wa 1976.

Kilichobadilika hasa ni dukani. Zamani ukiulizia spea, jibu lilikuwa moja kati ya mawili: ipo, au subiri gari la Kigoma. Siku hizi nafuata sahani za klachi, kijana wa duka, ambaye sitamtaja, ananipangia maboksi juu ya meza.

"Mzee, nikupe kopi, orijino, au orijino yenyewe?"

"Orijino na orijino yenyewe zina tofauti gani?"

"Orijino yenyewe haina punguzo."

Nikatoa hela ya yenyewe. Boksi lilikuwa na stika inayometameta, la kuweka sebuleni. Klachi ikaanza kuteleza kabla hata mkono haujazoea.

Aliyegoma kubadilika ni fundi wangu, na namshukuru. Anafanya kazi chini ya mwembe. Gasketi ikipasuka hanitumi dukani. Anachukua kipande cha boksi, anakilaza juu ya ukingo wa injini, anagonga pembeni taratibu kwa nyundo ndogo mpaka ukingo wenyewe unakata boksi kwa umbo lake, matundu ya bolti yakiwemo. Anapaka grisi, anafunga. Hiyo gasketi imedumu kuliko ile ya kununua, na harufu yake ya sabuni ni ziada.

Nikamwambia kwamba Kigali, hapo tu ng'ambo ya Burundi, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuingiza barabarani pikipiki za umeme. Hazina plagi, hazina kabureta, ringi za pistoni hazijui. Betri ikiisha unaacha hiyo, unapewa iliyojaa, unaondoka. Fundi akaweka nyundo chini.

"Sasa ikigoma, mzee, tunagonga wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilichonacho ni tangazo. Mwenye kava la cheni la CG ya zamani, la juu na la chini pamoja na bolti zake, awe Kasulu, Kibondo, Kakonko au Buhigwe, asiwape wanunuzi wa chuma chakavu. Mimi nalinunua, hata kama linapiga kelele.