Niacheni Nikae

Kuna watu wanaoshikilia kwamba dereva wa mbio za magari si mwanamichezo. Wanasema yeye amekaa tu, gari ndilo linalokimbia. Watu hawa wananikera kuliko matuta ya barabarani yasiyopakwa rangi, na mimi huwapinga popote nitakapowakuta, kwa kinyozi, matangani, hata kwenye foleni ya benki. Msidhani nina ndugu anayeendesha magari hayo. Ni vile daktari aliniambia nipunguze uzito, mama watoto akiwa papo hapo anasikia, na tangu siku hiyo kiti changu cha barazani kimekuwa kesi. Kila nikikikalia naulizwa mazoezi nitafanya lini. Sasa kama kuna binadamu anayekaa kitini saa moja na nusu, akainuka akaitwa bingwa na kumwagiwa shampeni, mimi kosa langu ni lipi?

Hakimu wa kesi hii ni shemeji yangu, ndugu ya mama watoto, mwalimu wa michezo katika shule moja hapa Nakuru. Ni mtu wa kuvaa filimbi shingoni hata Jumapili. Kwake yeye, Kenya ni nchi ya miguu.

"Shemeji," huniambia, "Kipchoge alipokimbia marathoni kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, gari lilikuwa mbele yake likimulika mistari barabarani. Walimbeba nani juu juu, Kipchoge au dereva?"

Nilimjibu kwamba yule dereva hakuna hata aliyemuuliza kama amekunywa maji, na dharau ya namna hiyo ndiyo ninayoipinga.

Kisha nikamletea farasi. Kwenye Olimpiki mtu anapanda farasi, farasi anaruka viunzi, medali anavishwa mtu. Kuna na mwingine anasimama wima na bunduki, na akitikisika ndipo anaposhindwa. Yaani kutotikisika kunaleta dhahabu, halafu mimi nasumbuliwa! Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki yenyewe ililitambua shirikisho la mbio za magari, FIA, mwaka 2013, ila medali haijawapa. Nako Uingereza, Lewis Hamilton ametuzwa na BBC kuwa mwanamichezo bora wa mwaka mara mbili, 2014 na 2020, na ni wananchi waliompigia kura. Shemeji akasema Waingereza humpigia kura mtu yeyote.

Basi nikarudi nyumbani. Nikamtaja Joginder Singh, maana kwa watu wa rika letu jina hilo humaliza ubishi. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, na Joginder aliyashinda mara 3: 1965, 1974 na 1976. Ile mara ya kwanza alikuwa na Volvo lililokwisha kutumika, mwelekezi wake akiwa ni ndugu yake Jaswant. Lakini ushindi si kitu. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, mengine yote yalilala njiani kwenye matope. Mwaka 1968 yakafika 7 tena. Joginder alikuwamo mara zote mbili. "Huyo naye," nikamuuliza shemeji, "utasema alikuwa amekaa tu?"

Shemeji alinyamaza. Marehemu baba yake alikuwa akitembea kilomita nyingi kwenda kusimama kando ya barabara ya murram, avumbiwe na Joginder, arudi nyumbani akiwa na furaha ya mwezi mzima. Pale nilijua nimeshinda, na ningeachiwa kiti changu.

Aliyeharibu ni mama watoto, na simu yake. Alikuwa upande wangu mwanzoni. Alisoma kwamba kwenye mbio za langalanga za Singapore, zinazofanywa usiku ili watazamaji wa Ulaya wazione mchana wao, dereva anaweza kupoteza hadi kilo 3. Macho yakamng'aa. Yangu pia. Kilo 3 kwa kukaa! Nilianza kupiga hesabu ya wiki ngapi zingenitosha. Kisha akasoma mstari uliofuata: ni maji matupu, jasho, na yanarudi yote ukishakunywa. Akaendelea kusoma kwa sauti, pole pole, kama anayenisomea hukumu. Kwamba ndani ya gari joto hupita nyuzi 50. Kwamba breki hukanyagwa kwa nguvu ya kilo 100 na zaidi, kona baada ya kona. Kwamba kule Qatar mwaka 2023 Esteban Ocon alitapika ndani ya kofia yake, akaendelea kuendesha, akamaliza wa 7, na Logan Sargeant akalazimika kuacha mbio kwa sababu mwili ulikataa.

"Wewe," akaniuliza, "barazani ulitapika lini?"

Shingo ndiyo iliyonimaliza. Kwenye kona kali, kichwa cha dereva pamoja na kofia huvutwa kwa nguvu mara 5 ya uzito wake, ni kama kilo 30 zinakung'ang'ania upande mmoja. Shemeji, kwa kuwa ni mwalimu, haamini maneno bila jaribio. Akanilaza kwa ubavu kwenye benchi, kichwa kikining'inia hewani, akanivisha helmeti ya mtoto wa jirani anayeendesha bodaboda, helmeti yenye harufu ya abiria wote wa mji huu. Juu ya sikio akanifungia pakiti ya unga ya kilo 2 kwa leso ya dada yake. Si kilo 30, kilo 2. "Kaa hivyo mpaka chai ichemke." Jiko lilikuwa la gesi. Chai haikuwa hata imeanza kutoa mvuke nilipoanguka na unga wangu, pakiti ikapasuka, na ugali wa jioni hiyo nikanunua mimi.

Tangu hapo nimekuwa nikiwalaumu madereva wenyewe. Walikuwa na mchezo mzuri wa kukaa, wakauharibu kwa mazoezi! Bingwa wa mwaka 1976, James Hunt, alijulikana kwa sigara na pombe, na ubingwa akauchukua. Baadaye akaja Michael Schumacher, akajenga mwili hata akawa anashuka garini mkavu huku wenzake wakitweta, na wote ikabidi wamfuate kwenye vyumba vya mazoezi. Mjerumani mmoja akatuharibia wote. Nilipomweleza shemeji haya, alinikumbusha kwamba Hunt alikufa kwa moyo akiwa na miaka 45. Nikamwomba anipitishie chumvi. Mama watoto akaivuta upande wake.

Anayenigusa kweli ni Nigel Mansell. Kule Dallas mwaka 1984, joto kali, gari lake likamzimikia karibu na mstari wa mwisho. Akashuka, akaanza kulisukuma, akaanguka na kuzimia. Mwenye kumiliki gari kuukuu katika nchi hii hahitaji kuelezwa uchungu huo. Mimi nimesukuma la kwangu kutoka kituo cha mafuta hadi kwa fundi, mbele ya wakwe, na hakuna aliyeniita mwanamichezo. Mansell alihesabiwa wa 6.

Nimebakiwa na tumaini la mwelekezi. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, niliona mwelekezi amekaa upande wa abiria anasoma daftari. Hashiki usukani, hakanyagi breki. Nikasema hiyo ndiyo kazi yangu, maana kusoma nikiwa nimekaa nimefanya maisha yangu yote. Shemeji akanieleza kwamba anasoma gari likiruka mawe kwa kasi, hana ruhusa ya kukosea hata neno moja, na gurudumu likipasuka kwenye mawe ya Kedong, huko huko Naivasha, yeye na dereva hushuka wenyewe, wakalibadilisha kwenye vumbi linalofika magotini huku saa ikiendelea kuhesabu.

Basi nimehamia chesi. Shirikisho lake, FIDE, lilitambuliwa na kamati ile ile ya Olimpiki mwaka 1999, na hakuna pakiti ya unga inayofungwa sikioni. Jana nilimwambia mama watoto kwamba nimepata mchezo, rasmi, wa kimataifa, na nikamwomba aniletee ubao wa drafti nianzie hapo.

Akaniletea jembe.