Kopo la Sifuri
Lua, lugha ya programu iliyozaliwa Rio de Janeiro mwaka 1993, huhesabu orodha kuanzia moja. Dhambi! Mabingwa waliolelewa na lugha ya C hawajanyamaza mpaka leo: orodha ianze na sifuri, jamani, na tupewe amri ya kuruka mzunguko. Mwaka 2011 toleo la 5.2 likawapa goto, amri ya kurukia penye alama, wakazidi kununa. Waje basi mjini Kamina, kwenye njia panda ya reli, wamweleze mama muuza unga kwamba kopo la kwanza ni la sifuri. Atawauliza kama hilo nalo hulipiwa. Kijana wa jirani, anayejifunza kuandika programu kwenye simu, naye ana ombi dogo tu: toleo lijalo lije na umeme.