Nimeambiwa Nimevimba

Nyumbani kwangu siku hizi mimi si baba tena, ni mgonjwa. Aliyenipima ni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, na kipimo chenyewe kilikuwa kuniangalia nikishuka kwenye bajaji. "Shemeji, una uvimbe wa ndani kwa ndani wewe. Kinga yako imechoka." Uvimbe pekee ninaoujua mimi ni kitambi, na huo uko nje, hata konda wa daladala anauona.

Sheria zikatungwa bila mimi kushirikishwa. Sukari marufuku. Soda marufuku. Chipsi mayai hata kutajwa mezani ni kosa. Asubuhi naletewa kikombe cha manjano na tangawizi, rangi yake kama ukuta wa ofisi ya kata, halafu naulizwa kama nimeanza kujisikia vizuri. Najisikia njaa.

Sina ugomvi na sayansi yenyewe. Ukijikata kidole panavimba na kuwa pekundu kwa sababu mwili unapambana. Kikipona, uvimbe unakwisha. Ubaya ni ule uvimbe wa chinichini usiokwisha, unaohusishwa na kisukari na magonjwa ya moyo, na ulaji mbovu ni miongoni mwa vinavyouchochea. Shirika la Afya Duniani linasema ikiwezekana sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku, kama vijiko sita vya chai. Soda moja ya mililita 350 huwa inavuka hapo, na mimi nilikuwa nateremshia nayo andazi. Haya, nimekubali.

Kinachoniudhi ni bei. Shemeji kaniletea kopo la unga kutoka duka la lishe, lina picha ya Mzungu anacheka, na kwa pesa ile ningepata kilo ya nyama na ndimu zake. Nikageuza kopo nikasoma: manjano na pilipili manga. Basi! Nikaelezwa kwa kirefu kwamba kiini cha manjano hakifyonzwi vizuri tumboni kikiwa peke yake, kinahitaji pilipili manga, na pia kinapenda mafuta. Bibi yangu wa Tanga alikuwa anatia manjano, pilipili manga na tui zito kwenye chungu kimoja cha samaki, na hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu. Aliitwa bibi, akaambiwa aongeze mchuzi.

Tukaja kwenye samaki. Eti ninunue salmoni wa Norwe, ana omega-3. Vibua wa feri je? Dagaa je? Nao wanayo, tena dagaa unamla mpaka mifupa. Nikaambiwa nile kinoa badala ya sembe. Nikauliza dona limekosa nini, mashine ya kusaga iko mtaa wa pili. Mchicha, matembele, maharage, korosho, parachichi, vyote vipo sokoni, na mama muuza mboga ananikopesha. Duka la lishe halikopeshi.

Tena hili la "kupandisha kinga" wanalisema kama bei ya mafuta, eti ipande tu. Kinga ikikorofisha inamgeukia mwenye mwili: kuna magonjwa kamili ya mwili kujishambulia wenyewe. Nilipomwambia shemeji hivyo, akaniongezea tangawizi.

Na wala hawagusi usingizi, ambao kinga inauhitaji sana. Baa ya jirani inapiga muziki mpaka alfajiri, lakini hakuna aliyeniuzia kopo la kuizima.

Basi msimamo wangu ni huu: dagaa nitakula, dona nitakula, manjano nitakunywa nikiwa nimeziba pua. Ila Ijumaa jioni mwili wangu una haki zake. Msomaji unayejua kibanda cha chipsi mayai ambacho shemeji yangu hapiti, niandikie. Jina lako nitalificha.