Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Kazi, Kutoka Nyakiyumbu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii,
Kampala.

Mheshimiwa Waziri,

YAH: OMBI LA BODI YA KIMA CHA CHINI CHA MSHAHARA NA ULINZI WA VIBARUA WANAOJIUNGA NA CHAMA

Tunakuandikia kutoka Nyakiyumbu, wilaya ya Kasese, jirani na Bwera na mpaka wa Mpondwe. Tunajua meza yako haikosi makaratasi na muda wako ni mali ya taifa zima. Tunakuomba radhi kwa kuuchukua kidogo. Tumekuandikia wewe, Mheshimiwa, kwa sababu jambo tunaloliomba sheria imekwisha kuliweka mikononi mwako.

Sisi ni mafundi wa mitumbwi na vibarua wa Ziwa Edward. Tunapasua mbao, tunaziunga, tunagongomea misumari na kukalafati kwa pamba, ili mvuvi arudi salama kwa watoto wake. Kazi yetu ni ya leja leja: leo ipo, kesho haipo. Ujira hupatanwa kwa mdomo, na neno la mwisho ni la tajiri. Fundi akiumia mkono huenda nyumbani na maumivu yake, na asubuhi nafasi yake ina mtu mwingine. Wenzetu wanaobeba magunia Mpondwe na wanaochuma pamba katika mashamba ya watu wanaishi maisha hayo hayo.

Mheshimiwa Waziri, hatusemi kwamba nchi yetu haina sheria njema. Ibara ya 40 ya Katiba ya 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho, kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, na kugoma kwa kufuata sheria. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 2006 iliondoa sharti la zamani la kutafuta wanachama 1,000 kabla chama hakijatambuliwa. Kanuni za Ajira za 2011 zinakataza mtu kuwekwa kibarua zaidi ya miezi 4. Kwa hayo yote tunashukuru kwa dhati. Shida yetu ni kwamba kibarua akitaja chama hafukuzwi. Haitwi tena, basi. Hapewi barua ya kumwachisha kazi, kwa hiyo hana karatasi ya kupeleka kwa afisa kazi.

Kuhusu ujira, kwa unyenyekevu tunakukumbusha kwamba kima cha chini kilichopo nchini ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na kiliwekwa mwaka 1984. Fedha yenyewe ilibadilishwa mwaka 1987, lakini kima hicho hakijaguswa. Ukigawa kwa siku 30 unapata shilingi 200, ambazo hazinunui hata chapati moja. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya, na Mheshimiwa Rais hakuutia saini. Tunauheshimu uamuzi huo. Hata hivyo, sheria ya mwaka 1957 ya bodi za ushauri wa kima cha chini bado inampa Waziri uwezo wa kuunda bodi ya kuchunguza mishahara na kutoa mapendekezo. Kwa hatua hiyo ya kwanza, Mheshimiwa, hatulazimiki kusubiri muswada mwingine.

Tunaomba usituone wachochezi. Umoja si jambo geni Kasese: wakulima wa pamba wana ushirika wao wa Nyakatonzi. Na reli ilipofika hapa mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe, makuli wa bandari ya Mombasa, ambako mizigo ya Uganda ilipakiwa melini, walikuwa wamegoma mwaka mmoja tu kabla yake. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, aliwasemea, wakaongezewa ujira kwa karibu theluthi moja. Bandari haikufa, iliendelea kupakia na kupakua. Mfanyakazi aliyesikilizwa hana sababu ya kuvunja kazi inayomlisha.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, tukiinamisha vichwa, tunakuomba mambo matatu. Kwanza, uunde bodi hiyo, na ndani yake wakae vibarua wa maziwani na mipakani pamoja na wawakilishi wa viwanda na maofisi. Pili, uagize kwamba kila tajiri anayewaita watu wale wale wiki baada ya wiki aandike majina yao na siku zao za kazi, ili miezi 4 ihesabike na anayeachwa kwa sababu ya chama awe na ushahidi. Tatu, afisa kazi wa wilaya apewe usafiri wa kufika mialoni, kwa maana fundi hawezi kupoteza ujira wa siku nzima akimtafuta mjini Kasese.

Ukiona tumekosea mahali, tafadhali tuelekeze, nasi tutasikia. Ukiona tunasema kweli, tunakusihi utujibu kwa maandishi, na utaje tarehe ambayo bodi itaanza kazi. Jibu hilo tutalisoma mwaloni mbele ya mafundi na matajiri, kila mtu ajue haki yake na wajibu wake.



Wako watiifu,
Mafundi wa mitumbwi na vibarua,
Nyakiyumbu, Kasese.