Sifa za Mkojo

Ziwa Tanganyika limesifiwa vya kutosha. Wavuvi wanaliimba, wageni wanalipiga picha, na mtoto yeyote wa shule hapa Uvira atakutajia kina chake: meta 1,470, la pili duniani. Mimi leo nausifu mkojo. Si kwamba tunapatana. Huniamsha usiku wa manane, umeme hakuna na choo kiko nyuma ya nyumba. Hunibana ndani ya taksi-bisi katikati ya bonde la Ruzizi, Sange bado mbali na dereva hataki kusimama. Nikishuka mjini nakuta kuta zimeandikwa kwa rangi nyekundu: marufuku kukojoa hapa, faini kadha wa kadha. Lakini mwenye sifa apewe sifa zake.

Fadhila ndogondogo nizipitie haraka. Mkojo haujui cheo. Gavana na msukuma mkokoteni huwabana sawasawa. Haukopeshi. Tena umefupisha hotuba nyingi za wakubwa kuliko saa yoyote ya ukutani.

Fadhila yake kuu ni ukweli, na hapa naomba nafasi. Figo zetu mbili, kila moja kadiri ya ngumi, zina vichujio vidogo sana, kama milioni moja kwa kila figo. Kwa siku huchuja lita 180 kutoka kwenye damu. Mama yeyote wa mtaa wa Kasenga atakupigia hesabu papo hapo: bidoni tisa za lita ishirini. Karibu maji yote hayo hurudishwa mwilini, na sukari yake, na chumvi inayohitajika. Kinachotoka ni kama lita moja na nusu, kimebeba urea, taka ambayo ini huitengeneza kutokana na protini ya ndagala na mikebuka tuliyoshushia bugali. Maji yakipungua, chumvi inazidi katika damu, na ubongo unatoa homoni ya kuziamuru figo zibane. Mkojo unakuwa kidogo na mzito. Ukinywa ukazidisha, homoni inanyamaza na mkojo unatoka mwingi, mweupe. Ila kubana nako kuna mpaka: taka za siku moja zinahitaji karibu nusu lita ya kuzitoa.

Kwa hiyo kila mkazi wa Uvira amezaliwa na kompteri ya maji isiyohongeka. Ikiwa robine zilitoa maji jana, asubuhi unaona rangi hafifu. Zikiwa zimekauka tangu juzi, unaona chai ya rangi iliyokolea. Mkojo hauandiki makadirio. Hauongezi sifuri.

Kompteri yangu nyingine, ile ya ukutani, ilikufa zamani. Kioo kimeingia ukungu, namba hazisogei, buibui kajenga ndani akazaa. Lakini fakitire inafika kila mwezi, imekunjwa vizuri, ina muhuri, inadai meta za ujazo ambazo hazijawahi kupita katika bomba lile. Nikamuuliza kijana aliyeileta: «Mdogo wangu, maji haya niliyanywa lini?» Akajibu kwa adabu: «Papa, hiyo ni forfe. Mie ni wa kuleta tu.» Forfe! Yaani maji yatoke yasitoke, unalipa kilekile. Na aliyeandika yuko wapi? Alihesabu nini, matone ya mvua? Mke wangu anapanga bidoni mstarini saa tisa ya usiku, bomba linakohoa hewa mpaka jua linatoka, halafu mtu aliyekaa kwenye kiti anaandika kwamba tumekunywa!

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Na bomba likikauka, haliletei watu kiu tu. Mwaka 2015 jarida la PLoS Medicine lilichapisha utafiti wa Aurélie Jeandron na wenzake kuhusu mji wetu huu. Walilinganisha maji yaliyotoka bombani na wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu, kuanzia 2009 hadi 2014. Katika siku 12 baada ya bomba kukauka kabisa, waliolazwa walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale wa kipindi ambacho maji yalitoka ya kutosha. Haishangazi: robine ikikauka, watu wanateremka ziwani na mitoni na bidoni zao, na yaliyomo humo wanayanywa. Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa mtu lita nzima ya maji kwa saa. Figo zikiona damu imepungua, zinafunga. Ndiyo maana muuguzi, akishatundika serumu, anamwinamia ndugu aliyekaa kando ya kitanda cha kipindupindu, kile chenye tundu, na kumuuliza: «Amekojoa?» Akiambiwa ndiyo, hata kama ni kidogo, uso wake unalegea. Pale hakuna anayetaja faini.

Lakini semina za maji hazifanyiki kando ya kitanda hicho. Zinafanyika hotelini, na kila mshiriki amewekewa chupa ya maji ya dukani iliyotoka kwenye friji. Mkojo wa wakubwa hawa ni mweupe mwaka mzima, ndiyo maana ripoti zao husema hali inaendelea vizuri. Napendekeza kwamba kabla ya semina ijayo walale siku mbili mtaani kwetu, kila mmoja na bidoni yake, bila dereva wa kutumwa dukani. Asubuhi ya siku ya tatu kila mshiriki aje na ripoti yake na kichupa chake, sekretere aandike rangi, ndipo walipwe perdiem.